Mlango wa Mwisho: Manusura wa Filamu za Kutisha

Wazoefu wa vibanda vya video wana kanuni yao: steringi hafi. Filamu za kutisha za Marekani huua karibu kila mtu, kisha humbakiza mmoja, mara nyingi msichana. Mwaka 1987 mhakiki Carol J. Clover alimpa jina: msichana wa mwisho. Wengi humpima kwa nguvu zake, wakisema zamani alilia na siku hizi anapigana. Kipimo hicho kinapotosha, maana alipigana tangu mwanzo. Kilichobadilika ni yule anayefika dakika za mwisho.

Katika The Texas Chain Saw Massacre (1974) ya Tobe Hooper, Sally anaruka dirishani, anakimbilia barabarani kumepambazuka, na kudandia pikapu inayojipitia. Ni bahati tupu. Uso umejaa damu, kicheko chake hakitofautiani na kilio, na picha ya kufungia filamu anapewa muuaji, akizungusha msumeno mbele ya jua linalochomoza.

Laurie wa Halloween (1978) ya John Carpenter anamchoma muuaji, Michael Myers, shingoni kwa sindano ya kufumia. Kisha, akiwa amejibanza kabatini, anamtoboa jicho kwa henga. Lakini kila anapomwangusha, huiachia silaha. Muundo wa filamu unamtaka mikono mitupu ili Loomis, daktari wa Michael, aingie na bastola. Msichana analia, mwanamume anafyatua.

Wes Craven alilijua kabati hilo. Katika Scream (1996), Halloween inaonyeshwa kwenye runinga ya nyumba yenye mauaji, na Sidney anachomoka kabatini akiwa amevaa vazi la muuaji, mwavuli mkononi. Maficho yamekuwa mavizio. Mwanahabari Gale anamsaidia, lakini muuaji anapozinduka tena, risasi ya kummaliza ni ya Sidney mwenyewe.

Hadi hapo waokoaji ama wanafika kwa wakati ama hawahitajiki. George A. Romero alikwisha kuuliza swali gumu zaidi katika Night of the Living Dead (1968): je, mwokoaji akiwa ndiye anayeua? Ben, mwanamume mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anaumaliza usiku akiwa hai. Asubuhi kikosi chenye bunduki kinamwona dirishani, kinamdhania mfu anayetembea, kinampiga risasi. Hapo filamu nayo inaacha kutembea: zinafuata picha mgando zenye chengachenga, mwili ukipelekwa kuchomwa. Mwendo wa picha unakatika pamoja na uhai wake.

Get Out (2017) ya Jordan Peele imesimama juu ya kumbukumbu hiyo. Chris, kijana mweusi, amewashinda waliomteka. Rose, mpenzi wake aliyemwingiza mtegoni, amelala barabarani, amejeruhiwa. Ghafla taa nyekundu na buluu zinamulika, naye Chris ananyanyua mikono. Taa ambazo zingempa Laurie faraja ndizo zinazomtia mtazamaji hofu kubwa kuliko kisu chochote. Mlango wa gari unafunguka: ni Rod, rafiki yake, na gari la uwanja wa ndege. Peele alikuwa amepiga mwisho mwingine, Chris akikamatwa na polisi, kisha akaubadilisha. Hakupoteza kitu, kwa kuwa katika zile sekunde za taa mtazamaji ameshautunga mwisho huo kichwani mwake.

Ndiyo maana Chris ni hatua kubwa kuliko manusura wengi wanaoshika bunduki kwa ustadi. Kumshinda muuaji hakumtoshi. Anapaswa pia kunusurika na msaada.