Shaba ya Kihamba na Urefu wa Mzizi

Kwa miongo mingi wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipulizia mrututu na dawa nyingine za shaba dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Shaba hiyo haiozi. Hung'ang'ania udongo wa juu. Mwaka 2004 watafiti Løland na Singh walichapisha vipimo vya mashamba ya kahawa ya mkoa huu vilivyoonyesha jinsi ilivyorundikana. Leo, pale mibuni ilipong'olewa, watu wanapanda maharage na mahindi. Miche itastahimili?

Wengi hukimbilia kuhesabu mbegu zilizoota. Kipimo dhaifu hicho. Ganda huikinga mbegu, na akiba yake ya chakula huichipusha hata penye sumu. Jani la kwanza hutoka kijani, mtu akaridhika. Ung'oe mche wenyewe: mzizi mfupi, mnene, ncha ya kahawia, vinyweleo hamna.

Ndiyo maana mtafiti D. A. Wilkins, alipochunguza mwaka 1957 ustahimilivu wa nyasi kwa risasi, alipima mzizi. Miche hukaa kwenye maji yenye nitrati ya kalsiamu, kundi moja na metali, jingine bila. Urefu wa mizizi ya kundi la kwanza hugawanywa kwa ule wa kundi la pili, mara 100: sentimita 2.4 kwa 6 ni 40. Mbona wasitumie virutubisho kamili? Fosfeti iliyomo humo huikamata risasi ikatuama chini, mche ukaonekana shujaa kumbe sumu haujaionja.

Lakini maji si kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kilimanjaro. Kwenye samadi na majani ya migomba yaliyooza, mboji huifunga shaba nyingi isiufikie mzizi. Udongo ukichoka na kuwa mchachu, shaba hulegea. Kwa maoni yangu, kipimo cha maji kinafaa kulinganisha aina za mbegu, si kuhukumu shamba.

Shamba lipimwe kwa udongo wake, na hapo ndipo kazi ilipo. Udongo wa kulinganishia usiowahi kupuliziwa lazima ukaribiane nao kwa uchachu na mboji, la sivyo shaba itabebeshwa kosa lisilo lake. Kuna wanaokwepa usumbufu huo kwa kuumwagia udongo safi mrututu na kusia siku hiyohiyo. Shaba iliyomwagwa jana ni kali kuliko iliyokaa ardhini miaka thelathini. Mizizi itadumaa kupita itakavyodumaa kihambani.