Tovuti ya The New Yorker: makala ipo, jarida liko wapi?

Aliyenunua The New Yorker la tarehe 31 Agosti 1946 aliona jalada lenye mchoro wa watu wakijipumzisha bustanini wakati wa kiangazi. Ndani, vikatuni vimeondolewa na hadithi fupi hakuna. Ukiacha matangazo ya biashara na ile orodha ya maonyesho ya mjini, toleo zima lilikuwa makala moja: "Hiroshima" ya John Hersey. Mpango ulikuwa kuichapa kwa sehemu nne. William Shawn akamshawishi mhariri mkuu Harold Ross waitoe yote kwa mkupuo. Jalada lenyewe halikumwonya mtu.

Sasa hebu itafute kwenye tovuti ya jarida. Unaandika jina, unabonyeza, umefika. Maandishi ni Caslon ileile ya kwenye karatasi, na vichwa vina ile herufi aliyoichora Rea Irvin, yule yule aliyechora jalada la kwanza mwaka 1925. Safu ni moja, pembeni pana nafasi ya kupumua, na hata kwenye simu ya kawaida jicho halichoki. Kwa kazi ya kusoma makala moja, tovuti za majarida zinazoifikia hii ni chache, tuseme ukweli.

Ila lile tukio halipo. Kilichowashtua wasomaji wa 1946 kilikuwa makala yenyewe na pia ukimya uliowekwa kuizunguka. Tovuti inaiweka "Hiroshima" katika umbo lilelile la mapitio ya filamu ya wiki iliyopita. Unamaliza kusoma habari za watu walioungua, halafu chini yake unapendekezewa kitu kingine cha kusoma. Mbuni wa tovuti hakukusudia ubaya, najua. Lakini kiolezo kimoja kwa kila kitu nacho ni uamuzi wa kihariri.

Kwa miaka mingi njia nyingine ya kufikia matoleo ya zamani imekuwa picha za kurasa. Sababu yake si uvivu. Mwaka 2001, katika kesi ya Tasini, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wachapishaji hawawezi kuchukua makala za waandishi wa kujitegemea na kuzipanga mojamoja kwenye hifadhidata bila ruhusa yao. Kuonyesha ukurasa mzima kama ulivyochapwa kulionekana salama zaidi, na mwaka 2005 jarida lilitoa matoleo yake yote kwa njia hiyo kwenye DVD nane. Humo jarida lipo kweli: tangazo la manukato kando ya shairi, kikatuni katikati ya ripoti ya vita. Kwenye kompyuta ni raha tupu. Kwenye simu ni mateso! Safu tatu nyembamba, unavuta kushoto, unavuta kulia, ni kama kusoma barua kupitia tundu la ufunguo. Na kwa msomaji asiyeona, programu inayomsomea maandishi kwa sauti haina cha kusoma kwenye picha.

Halafu kuna lango la malipo. Julai 2014 tovuti ilisanifiwa upya na makala zote tangu 2007 zikaachwa wazi kwa miezi kadhaa. Novemba likaja lango: wakati huo zilikuwa makala sita kwa mwezi, zaidi ya hapo ulipie. Kulipia sina ugomvi nako, waandishi wanakula. Ugomvi wangu ni na kuhesabiwa. Ukijua unahesabiwa, hufungui ya mtu usiyemjua, unakwenda kwa majina makubwa. Wasomaji wa tarehe 26 Juni 1948 hawakuwa wakiitafuta "The Lottery" ya Shirley Jackson. Waliikuta tu wakipekua, wakaandika mamia ya barua, nyingi za hasira.

Dawa moja haihitaji mapinduzi. Chini kabisa ya makala kama hizi kuna mstari mdogo unaotaja toleo la karatasi ilimotoka. Upandishwe juu, uwekewe picha ya jalada na orodha ya yaliyomo, kila jina likiwa kiungo. Na kuchungulia aya mbili za mwanzo kusihesabiwe.