Maua Yasiyo na Mizizi: Watoto na Bustani katika The Secret Garden

Riwaya ya The Secret Garden, iliyotungwa na Frances Hodgson Burnett na kutolewa kitabu mwaka 1911, aghalabu husifiwa kuwa hadithi ya watoto walioponywa na bustani. Hatukusudii kuipinga sifa hiyo. Tunakusudia kuonyesha kwamba riwaya hii ina bustani tatu, wala si moja, na kwamba ile itufaayo zaidi sisi walimu wa Kiswahili ndiyo ambayo mtunzi ameipitia upesi.

Bustani ya kwanza imo katika sura ya kwanza. Mary Lennox, mtoto wa Kiingereza anayelelewa na watumishi nchini India, anafanya vichuguu vya udongo na kuchomeka humo maua makubwa mekundu. Ni mchezo wa mtoto mpweke, na maua hayo hayana mizizi. Je, hayafanani na maneno tunayoyaorodhesha ubaoni? Wanafunzi huyanakili majina ya mimea, huyakariri, na baada ya mtihani yote hunyauka.

Bustani ya pili ndiyo iliyokipa kitabu jina. Wazazi wake wanapokufa kwa kipindupindu, Mary anapelekwa Yorkshire, Uingereza, katika jumba la mume wa shangazi yake. Hapo anagundua bustani iliyofungwa kwa miaka kumi. Ufundi wa mtunzi unaonekana hapa, kwani bustani inaingia kwa hisi kabla ya kuingia kwa mafunzo. Mary anang'oa nyasi kuzunguka vichipukizi ili vipate kupumua, bila kuamriwa na mtu. Dickon, kijana wa nyumba maskini, anakata tawi lionekanalo kavu na kumwonyesha ubichi ulio ndani. Colin, mgonjwa wa kufungiwa chumbani, anaipata kwanza harufu ya maua mwilini mwa Mary. Tena Mary anajifunza lahaja ya Yorkshire papo hapo anapojifunza udongo, wala hakuna anayemkaririsha.

Hata hivyo, bustani hii ina kasoro. Watumishi wa Kihindi wametajwa kwa dharau, kana kwamba hawana mioyo. Colin naye hahesabiwi kuwa mtoto kamili mpaka asimame na kushinda mbio. Mwalimu mwenye mwanafunzi asiyeweza kutembea asikubali funzo hilo. Ni tuta linalopaswa kuinuliwa hadi mikono ya mtoto aliyeketi ilifikie. Mtoto asingojewe asimame ndipo aguse udongo.

Bustani ya tatu ni ya Dickon mwenyewe, kando ya kibanda cha mama yake. Ni kipande cha ardhi kilichozungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Humo hupanda viazi, kabichi na karoti za kulisha ndugu zake, na katika nyufa za ukuta hupachika maua. Hakuna ufunguo wala siri. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kiini cha riwaya, ijapokuwa mtunzi hakukipa nafasi kinayostahili.

Shule nyingi za miji yetu hazina uwanja, lakini nyufa zipo. Gunia moja hutosha: hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya changarawe ili maji yafike chini, na ubavuni hutobolewa matundu ya kupachika miche ya mchicha. Madebe yaliyotobolewa vitako yatabeba mrehani, mnanaa na mchaichai. Mtoto afikiche jani, afumbe macho, aseme anasikia harufu gani. Kiswahili chenyewe kinamsaidia, kwani kwetu harufu husikika kama isikikavyo sauti. Atakayesema kila siku "mche wangu umechipua, miche yetu imechipua" hatahitaji kukaririshwa ngeli.

Nchini Rwanda bustani ndogo ya nyumbani huitwa akarima k'igikoni, yaani kishamba cha jikoni. Hapo mwalimu amwonyeshe mtoto kwamba umurima wa Kinyarwanda na kulima kwa Kiswahili ni maneno ya shina moja. Lugha anayoidhani ngeni itakuwa imekwisha kuota nyumbani kwao.

Lakini tahadhari. Pale ambapo mchelewaji hupewa jembe kuwa adhabu, mtoto hujifunza kuichukia ardhi pamoja na majina yake. Mary alipalilia kwa hiari. Kwa sababu hiyo alijifunza.

Riwaya hii yafaa kusomwa na walimu, na kusimuliwa darasani kwa Kiswahili chepesi. Ila msimulizi asimalizie penye lango la jumba kubwa. Awafikishe watoto hadi kwenye ukuta wa Dickon, kisha awape mbegu.