NetworkTables: Roboti Inavyojua Umri wa Taarifa

Katika mashindano ya FIRST Robotics Competition yaliyoanzishwa Marekani mwaka 1992, roboti ya wanafunzi wa sekondari aghalabu haitegemei kompyuta moja. Ipo kompyuta kuu, roboRIO, inayoendesha mota. Mara nyingi ipo nyingine ndogo ya kuchambua picha za kamera, na kando ya uwanja iko kompyuta mpakato ya madereva. Kuziwezesha kubadilishana taarifa ni kazi ya NetworkTables, sehemu ya WPILib, maktaba ya programu huria iliyoanzia Worcester Polytechnic Institute, Massachusetts. Kwangu mimi, jambo bora kuliko yote katika muundo wake wa sasa ni kwamba kila thamani husafiri na saa yake.

Toleo la 3, lililotumika kuanzia msimu wa 2016, lilikuwa jedwali la pamoja lenye majina na thamani, na kila aliyeunganishwa alipokea yote. Kila badiliko lilibeba namba ya mfuatano, ili nakala mbili zikitofautiana ijulikane ipi mpya. Namba hiyo ilionyesha kipi kimetangulia, bila kusema kimetangulia kwa muda gani. Kwa dashibodi inayoonyesha volti za betri, hilo linatosha. Ila roboti inayokwenda mita 3 kwa sekunde, ikitumia picha iliyopigwa milisekunde 50 zilizopita, imeshasogea sentimita 15 kutoka pale kamera ilipoiona.

Toleo la 4, lililoanza kutumika msimu wa 2023, lilipanga upya kila kitu. Mwenye data hutangaza mada, anayeihitaji hujiandikisha, na seva iliyo ndani ya roboRIO humpelekea alichoomba tu. Mawasiliano hupita kwenye WebSocket, itifaki inayoeleweka na vivinjari vya kawaida, hivyo dashibodi inaweza kuwa ukurasa wa wavuti. Matangazo huandikwa kwa JSON, muundo wa maandishi. Thamani hufungwa kwa MessagePack, muundo wa baiti badala ya maandishi, kila moja ikiwa na vitu vinne: namba ya mada, wakati kwa mikrosekunde, aina ya data, na thamani yenyewe.

Wakati huo ni wa saa ya nani? Ni ya seva. Mteja hutuma saa yake kwa kutumia namba ya mada -1, na seva humrudishia ujumbe huo pamoja na saa ya seva. Tuseme kwenda na kurudi kumechukua mikrosekunde 8,000. Mteja huchukua nusu, 4,000, kuwa muda wa safari ya jibu, huijumlisha na saa ya seva, kisha hupata tofauti kati ya saa hizo mbili. Kuanzia hapo, programu ya kamera inaweza kutaja wakati wa picha kwa saa ambayo roboRIO inaielewa, na roboRIO ikarejea kumbukumbu ya mahali roboti ilipokuwa wakati ule.

Udhaifu upo. WebSocket hutembea juu ya TCP, itifaki inayofikisha pakiti kwa mpangilio, hivyo moja ikipotea zinazofuata husubiri. Ujumbe wa saa ukikwama nyuma ya data nyingi, ile hesabu ya nusu huharibika. Ndiyo maana toleo la 4.1 liliupa ujumbe huo muunganisho wake wa pekee.

Jambo jingine limeachwa mikononi mwa timu. Usipobadilisha mipangilio, maktaba hutuma mabadiliko kila milisekunde 100, wakati programu ya roboti huzunguka kila milisekunde 20. Jicho la dereva halioni tofauti. Kamera inayoongoza usukani inaathirika, kwa hiyo mada zake zipewe muda mfupi zaidi au zitumwe papo hapo. Tena, thamani za katikati huachwa na ya mwisho ndiyo hutumwa, mpaka aliyejiandikisha aombe zote.

Msimbo na maelezo ya itifaki viko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi ambaye roboti yake imekosa shabaha anaweza kufuatilia thamani moja kutoka kwenye kamera hadi kwenye mota, akapima ilichelewa wapi, na kurekebisha kabla ya mechi inayofuata.