Mkono Unaolitafuta Ini

Mpimaji stadi wa altrasaundi hagusi mashine mpaka amegusa tumbo. Huweka kiganja chini ya mbavu za kulia, akabonyeza taratibu, huku akiuliza maumivu yalianza lini, nyumbani kuna mifugo gani, mbwa ni wangapi na wanalala wapi. Ndipo anapomwaga jeli. Katika kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, maswali ya mbwa si porojo za kumzoesha mgonjwa. Ni nusu ya uchunguzi.

Chanzo cha yote ni tegu mdogo mno, urefu wake milimita 3 hadi 6 tu, anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ngamia aliyeathirika. Binadamu akimeza mayai yake, kiluwiluwi husafiri na damu, mara nyingi kikakwama kwenye ini, na hapo hujijengea mfuko wa maji unaokua kwa miaka bila mwenyewe kuhisi lolote. Mapema katika miaka ya 1980 watafiti walikadiria kwamba kaskazini mwa Turkana kulikuwa na wagonjwa wapya 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kurekodiwa duniani. Maji ni haba kule, mbwa hulala na familia, na kwa desturi ndiye aliyemsaidia mama kumsafisha mtoto mchanga kwa kumlamba. Anayeishi karibu na bomba asiwe mwepesi wa kuhukumu.

Turudi kwenye mkono.

Ini ni kubwa, lakini limejificha. Sehemu yake ya juu imekaa ndani ya uvungu wa mbavu, mfupa unaziba njia ya sauti, na hewa ya utumbo inaharibu picha kutoka chini. Kwa hiyo mpimaji humwomba mgonjwa amsaidie. “Mama, vuta pumzi. Shika hapo hapo. Haya, pumua.” Pumzi ikivutwa, ini hushuka kidogo, na kwa sekunde chache pembe iliyofichika huonekana. Mkono unainamisha kichwa cha mashine, unapenya kati ya ubavu na ubavu, unarudi, unajaribu tena kwa upande, kama seremala anayepapasa ubao kutafuta mahali randa haikufika. Mwenye haraka hukosa uvimbe ulio juu kabisa, pale ini linapogusana na kiwambo, kisha huandika kwamba ini ni zima.

Uvimbe ukipatikana, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Duara jeusi kwenye skrini linaweza kuwa mfuko wa maji wa kawaida ambao mtu amezaliwa nao na hautamdhuru maisha yake yote. Linaweza kuwa jipu la amiba. Linaweza kuwa tegu. Hapo jicho lililofunzwa huutazama ukuta: mfuko wa tegu una mistari miwili myembamba inayokwenda sambamba, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, na kati yake uwazi mwembamba kuliko uzi. Mashine ikiwekewa mwanga mkali kupita kiasi, mistari hiyo huungana na kuwa mmoja. Mpimaji mzuri hupunguza mwanga, anasogea kidogo, anaitafuta tena.

Halafu kuna jambo ambalo picha tuli haiwezi kamwe kulionyesha. Mgonjwa anaambiwa ageukie ubavu wa kushoto. Ndani ya mfuko, chembe zilizokuwa zimetulia chini hutibuka zote kwa pamoja, zikaelea zikimeta katika maji meusi, kisha zikaanza kushuka polepole upande mwingine. Ni mchanga ulio hai: kila chembe ni mbegu ya tegu. Aliyeona mchanga ule ukitibuka hahitaji kuambiwa kwa nini mfuko huu usichomwe sindano ovyo. Maji yake yakimwagika tumboni, mwili unaweza kushtuka kwa mzio hadi mtu afe, na mbegu zilizotawanyika zinaweza kuota mifuko mipya. Yote haya yanategemea mpimaji kukumbuka kumgeuza mgonjwa. Kumgeuza tu.

Ufundi huu haukushuka kutoka mbinguni. Sauti isiyosikika kwa sikio ilitumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya vyuma kabla Ian Donald, daktari wa wanawake huko Glasgow, hajaipeleka kwenye matumbo ya wagonjwa na kuchapisha matokeo mwaka 1958. Lakini kwa upande wa tegu wa ini, sifa kubwa ni ya Afrika. Hassen Gharbi wa Tunisia, pamoja na wenzake, alikusanya picha za wagonjwa 121 na mwaka 1981 akazipanga katika aina tano, kwa kufuata sura ya mfuko. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipotoa mpangilio wao mwaka 2003, walijenga juu ya msingi huo: mifuko iliyo hai, iliyo katika mpito, na iliyokwisha kufa.

Na kabla ya mpangilio huo wa 2003 kulikuwa na Turkana. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kudhibiti ugonjwa huu katika eneo la Lokichoggio, na mashine za kubebeka zikafuata wafugaji huko huko malishoni badala ya kungoja wafugaji waje hospitalini. Umeme ulikuwa wa jenereta. Skrini haisomeki juani, hivyo kivuli kilikuwa kifaa cha kazi sawa na mashine yenyewe. Mtu alilala chali, akapakwa jeli, akaambiwa papo hapo kilichomo tumboni mwake. Mwaka 1987 Calvin Macpherson na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa mashine hizo na vipimo vya damu kwa wahamaji. Damu iliwakosa wengi ambao skrini iliwaonyesha wazi.

Lakini uzuri hasa wa kazi ile ulikuwa katika kurudi. Watu wale wale walipimwa tena baada ya muda, mfuko ule ule ukatafutwa, ukapimwa upana wake, ukalinganishwa. Ndivyo Thomas Romig na wenzake walivyoweza kuripoti mwaka 1986 jambo ambalo upasuaji peke yake usingeligundua: mifuko mingine ilikua kwa kasi, mingine ilikaa vile vile, na mingine ilinywea na kufa yenyewe bila dawa wala kisu. Hayo hayagunduliwi na anayepima mara moja na kuondoka. Yanataka mtu anayekumbuka matumbo ya watu.

Leo mfuko uliokufa huachwa, mgonjwa akafuatiliwa tu. Mdogo ulio hai hutibiwa kwa vidonge vya albendazole kwa miezi kadhaa. Mwingine hufaa kunyonywa kwa sindano inayoongozwa na picha, ukatiwa dawa ya kuua mbegu, ukanyonywa tena, ilimradi hauna njia kwenye mirija ya nyongo. Uliojaa vifuko vingine ndani yake mara nyingi huishia kwa daktari wa upasuaji. Njia zote hizi huanzia kwenye maneno ya mpimaji.

Ndiyo maana inauma kuona karatasi anazotoka nazo mgonjwa siku hizi. “Uvimbe wa maji kwenye ini.” Basi. Hakuna hatua, hakuna upana, hakuna neno juu ya ukuta, hakuna ishara kwamba mgonjwa aligeuzwa. Picha moja imegandishwa na kuchapishwa, ikapelekwa kwa daktari ambaye hajamgusa mgonjwa, na karatasi ya mwaka jana imebaki nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki bila mtu kuiulizia. Mtu aliyesafiri siku nzima kutoka malishoni anafanyiwa kazi ya dakika tatu. Wapo wanaopasuliwa kwa ajili ya kitu kilichokwisha kufa, na wapo wanaorudishwa nyumbani na kitu kilicho hai.

Mashine si kisingizio. Za sasa huingia mfukoni, huunganishwa na simu, na picha zake ni safi kuliko zile zilizosukumwa na jenereta za Lokichoggio. Waliokuwa vijana katika kazi ile ya miaka ya 1980 wamefika umri wa kustaafu, na ujuzi wao hauhamishwi kwa kijitabu cha maelekezo. Kijana anaujua mstari wa pili baada ya kuketi pembeni mwa mtu anayeujua, akaonyeshwa, akaukosa, akashikwa mkono na kuelekezwa tena kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Vituo vinavyoletewa mashine mpya vinaletewa pia jeli, waya na karatasi za kuchapia. Mwalimu wa kuketi naye pembeni haletwi.