Baada ya Roma Kuanguka: Ardhi Ilibaki Mikononi mwa Nani?

Katika madarasa ya itikadi hujitokeza mawazo mawili juu ya kuanguka kwa Dola ya Kirumi. La kwanza ni la wanahistoria wa kibwanyenye, ambao mwalimu wao mkuu ni Mwingereza Edward Gibbon, aliyetoa vitabu vyake juu ya anguko hilo kati ya 1776 na 1788. Kwa mujibu wa wazo hili, ustaarabu ulizimika na watu wakaingia gizani. Wazo la pili limetoka upande wa wajamaa wenyewe. Mwaka 1933 Stalin aliwaambia wakulima wa mashamba ya pamoja kwamba mapinduzi ya watumwa ndiyo yaliyowafuta mabwana wenye watumwa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mawazo yote mawili yana kasoro, na kwamba kasoro ya pili ina hatari zaidi kwa kada, kwa kuwa inamliwaza.

Tuanze na Gibbon. Yeye aliandika kwamba binadamu alipata furaha kuu kuliko wakati wowote kati ya mwaka 96, alipokufa Domitian, na mwaka 180, alipotawala Commodus. Hapo hatuna budi kuuliza: furaha ya nani? Katika miaka hiyohiyo watumwa walichimba madini na kulima mashamba ya wakubwa. Na baadaye hali ya mkulima mpangaji ilizidi kuwa mbaya. Mwaka 332 Mfalme Constantine alitoa amri kwamba mpangaji anayekusudia kutoroka shamba afungwe minyororo kama mtumwa. Salvian, padri wa Marseille aliyeandika katika miaka ya 440, alishuhudia kwamba maskini walikuwa wakikimbilia kwa hao walioitwa washenzi, kwa sababu kodi na mabwana wa Kirumi waliwashinda. Mtu hakimbii nuru kwenda gizani bila sababu.

Hata hivyo tusimpinge Gibbon kwa ushabiki. Dola ilipovunjika, nguvu za uzalishaji zilirudi nyuma kweli. Wavandali waliiteka Carthage mwaka 439, na serikali ya Roma ikapoteza kodi na nafaka ya Afrika ya Kaskazini. Mji wa Roma, uliokuwa na mamia ya maelfu ya watu, ulibaki na makumi ya maelfu. Huko Uingereza, baada ya majeshi kuondoka, sarafu ziliacha kutumika na ufinyanzi wa gurudumu ukatoweka. Mvujajasho naye alikosa chungu kizuri. Lakini upungufu wa vyungu haujibu swali la nani alikuwa mnyonyaji.

Sasa tulitazame wazo la pili. Je, watumwa waliiangusha Roma? Maasi yalikuwapo. Huko Gaul wakulima walioitwa Bagaudae waliasi katika karne ya tatu, na tena mwaka 435 chini ya Tibatto. Lakini mwaka 437 Tibatto alikamatwa na uasi ukazimwa. Aliyemwondoa mfalme wa mwisho wa Magharibi mwaka 476 alikuwa Odoacer, kamanda wa askari waliodai wagawiwe ardhi ya Italia. Baada ya hapo Baraza la Seneti liliendelea kukaa, watoza kodi waliendelea kutoza, na matajiri wengi waliendelea kumiliki mashamba. Bendera ilishuka, hati ya shamba ilibaki sandukuni.

Ushahidi mkubwa zaidi ni Italia ya karne ya sita. Mwaka 541 Totila alikuwa mfalme wa Wagothi, naye alikuwa akipigana na majeshi ya Justinian kutoka Konstantinopo. Totila aliwaambia wakulima walime kwa amani na kumletea yeye kodi iliyokuwa ikienda kwa serikali na kwa wenye mashamba. Watumwa waliotoroka aliwapokea jeshini, na alipotakiwa kuwarudisha kwa mabwana zao alikataa. Kwa miaka michache utaratibu wa zamani ulitikisika. Lakini Totila hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa mfalme aliyetafuta askari na mapato, na wavujajasho walimfuata bila chombo chao wenyewe. Alipouawa mwaka 552, hawakuwa na la kushika. Mwaka 554 Justinian alitoa sheria iliyobatilisha matendo ya Totila na kuwarudishia mabwana mali yao, pamoja na watumwa na wapangaji wao.

Baadaye Walombardi waliingia mwaka 568, na Seneti ikafifia. Tabaka la zamani lilipodhoofika, nafasi yake haikuchukuliwa na mkulima. Ilichukuliwa na wakuu wa vita na Kanisa. Barua za Papa Gregory wa Kwanza, aliyeongoza kati ya 590 na 604, zinaonyesha akisimamia mashamba makubwa ya Kanisa huko Sicily, yaliyolimwa na wapangaji. Mfumo wa utumwa ulipungua polepole, kwa karne kadhaa, na ukabaila ukakua ndani ya tumbo lake.

Basi fundisho ni nini? Kuanguka kwa dola na kuanguka kwa tabaka linalonyonya ni mambo mawili. La kwanza laweza kutokea kwa siku moja. La pili halitokei lenyewe, wala haliletwi na mgeni mwenye upanga. Kada anayefundisha kwamba historia itamwangusha mnyonyaji bila wavujajasho kujipanga anafundisha uvivu. Azimio la Arusha la 1967 lilituzoesha kuuliza ni nani anayemiliki njia kuu za uchumi. Tunaposoma habari za dola yoyote iliyoanguka, tuulize hivyohivyo: siku ya pili yake, nani alikuwa na ardhi, nani alitoza kodi, na nani alishika silaha? Kama majibu ni yaleyale ya jana, kilichobadilika ni jina la mtawala tu.