Lete Ratiba Yako

Mhadhiri akirudi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada ya uzamivu, wenzake humpongeza wiki nzima, kisha humtwisha kozi tatu. Hapo ndipo mlezi hodari huanza kazi, na mimi hupenda kuitazama kazi hiyo kuliko mihadhara mingi niliyoisikiliza.

Ninayemtazama ni profesa mstaafu, mama wa sauti ya chini na penseli fupi. Kijana humwekea mezani wasifu wa kurasa nane; yeye huusogeza kando.

"Huu nitausoma jioni, mwanangu. Lete ratiba yako ya wiki iliyopita."

Basi huipitia saa kwa saa: rundo la mitihani ya mwaka wa kwanza, kikao kilichoahirishwa watu wakiwa wameshakaa, tasnifu ya mwanafunzi wa mtu mwingine, msiba Mbagala. Saa zilizosalia huzipigia mstari. Pengine ni mbili tu, Jumamosi alfajiri. Hamwambii ajipange (neno hilo kila mhadhiri ameshalichoka). Humuuliza ni kipande gani cha tasnifu kinachotosha kuwa makala moja kwa saa hizo, wiki hata wiki. Bila machapisho, uhadhiri mwandamizi utabaki ndoto, na hilo kijana analijua. Asilolijua ni anaweza kujitoa katika kamati ipi bila kumuudhi mkuu wa idara. Mama analijua, na hakuna waraka ulioliandika.

Mpango wa CARTA, ulioanza mwaka 2008 na wenye makao Nairobi, umeupa ulezi huu utaratibu: wahadhiri wa vyuo vya nchi kadhaa za Afrika wanaosomea uzamivu hukutana katika semina nne za pamoja. Nauheshimu sana. Ila semina hufungwa, watu wakapanda ndege, na rundo la mitihani likawa linawasubiri ofisini.

Kwa mama yule, walioteuliwa kuongoza idara hawakai muda mrefu. Huwataka wabaki na darasa moja na mwanafunzi mmoja wa utafiti, basi.

Wanaokaribia kustaafu ndio huwapa muda wake wote. Watumishi wengi wa umma Tanzania hulazimika kuondoka kazini wakiwa na miaka 60, maprofesa 65, na bado tarehe hiyo huwakuta wengi kama wageni wasiotoa taarifa. Mzee huja akidai anataka ushauri wa mradi wa kuku. Mama humsikiliza hadi kuku waishe, ndipo amuulize, "Na vitabu vyako, Profesa, vitakwenda kwa nani?"

Mzee huanza kuvitaja, rafu kwa rafu. Hiki cha yule binti wa isimu. Kile, hapana, yule kijana hajakomaa. Mama huandika majina tu. Mwisho humsomea mawili yaliyojirudia, na kumshauri muhula ujao afundishe kozi zake pamoja na hao wawili, wakati bado ana ufunguo wa ofisi.